Mama Haitwi kwa Kiyoruba

Valdelice alipiga magoti kwenye saruji ya ua, mbele ya mdogo wake, akanyoosha viganja na kuomba baraka kama walivyofundishwa tangu wakiwa na meno ya utoto.

"Mukuiu."

Edileuza hakujibu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu mama yao, sketi yake nyeupe imetandaa pande zote, mikono imelala mapajani. Mkono wa kubusiwa haukutoka. Wanawake waliokuwa wakikata bamia kando ya ukuta walipunguza maneno.

"Mukuiu, Mama," Valdelice akarudia, akidhani pengine sauti ilimezwa na redio ya jirani.

"Hapa tumeshaacha hiyo," Edileuza alisema. "Siku hizi tunasema motumbá."

"Nani ameacha?"

"Nyumba imeacha. Ungekuwa unapanda huku mara kwa mara ungejua."

Goti la kulia la Valdelice lilikuwa bovu. Wiki nzima alikuwa amekaa kiwandani akisokota sigara za tumbaku, kisha akapanda kilima kizima cha São Félix na gunia la unga wa muhogo kichwani, kwa ajili ya kufunga matanga ya mama yao, maana Jumamosi ile mama alikuwa anatimiza mwaka tangu afe. Alikuwa mkubwa. Ndiye aliyembeba Edileuza mgongoni, akamfuta kamasi, akampeleka shule kwa miguu. Lakini kauri za ramli zilipotupwa baada ya mazishi zilimchagua mdogo awe mama wa nyumba ya ibada, na anayekaa kwenye kiti hicho hupigiwa magoti, awe na umri wowote. Hilo Valdelice hakuwa na ugomvi nalo. Alikuwa na ugomvi na kuachwa pale chini kama mtu aliyekuja kukopa.

Mmoja wa wakata bamia, Jandira, mwanamke wa miaka thelathini mwenye ulimi, alicheka kidogo. "Dada Val, sema basi. Magoti yatashika kutu."

Valdelice aliitazama ile mikono iliyolala. Kama angesimama na kuondoka, shughuli ya mama ingefanyika bila yeye.

"Motumbá," akasema.

"Motumbá axé," Edileuza akaitika, na mkono ukatoka. Ulikuwa umepakwa losheni mpya, wenye harufu ya duka la mjini. Valdelice aliubusu, na midomo yake ikabaki imeungua kwa hasira.

Alimfuata mdogo wake chumbani, chumba cha mama, ambako shuka lilikuwa bado lile lile. Alifunga mlango kwa kisigino.

"Sasa tuongee kama watoto wa tumbo moja. Jumamosi nani anaongoza?"

"Baba Everaldo. Anatoka Salvador na watu wake."

"Huyo si wa ibada ya Ketu, ile ya Wayoruba?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mama ataagwa kwa Kiyoruba."

"Mama ataagwa vizuri, kwa lugha yenye maana, mbele ya watu wenye heshima zao." Edileuza alikuwa anakunja taulo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. "Usinianze, Val."

"Mama aliingizwa kwenye ibada ya Angola, huko ndiko kichwa chake kilikofanywa. Mzee Juvêncio alimwekea mikono akiwa na miaka kumi na miwili, akampa dijina, jina la kichwani. Aliitwa Monakaiá mbele ya Mungu Nzambi na mbele ya roho wake, nkisi wake. Maisha yake yote hakuwahi kuomba kwa Kiyoruba hata glasi ya maji. Utamwita kwa lugha ya nyumba ya watu, atajuaje kama ni yeye anayeitwa?"

"Wafu wanasikia kila lugha."

"Ah. Basi mwite kwa Kijerumani."

Edileuza alizitupa taulo kitandani. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika. Ile sauti ya kwenye kiti ilikuwa imemtoka. Sasa alikuwa ni yule yule mtoto aliyekuwa akigombania mgongo wa samaki.

"Wewe hukuwepo Salvador. Wameniita kwenye mkutano wa nyumba zote, nikasema leo na sisi wa mbali tumekumbukwa. Wakasema kila mmoja atoe wimbo. Nikaimba ule wa maji, wa mama. Nimemaliza, mtoto mmoja mwenye miwani akaniuliza, Mama, hayo maneno maana yake nini? Nikaduwaa. Akasema basi tupe mstari mmoja tu. Sikuwa na mstari mmoja, Val. Mwingine, wa Ketu, akasimama akaeleza wake neno kwa neno, hiki ni mto, hiki ni taji, hiki ni ahsante. Halafu kuna mama mmoja mnene nyuma yangu akamwambia mwenzake, hao wa Angola wanaimba makombo, nusu Kireno, nusu kelele. Wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Unanisikia? Nilicheka nao, ili nisilie."

Valdelice hakuwa amelijua hilo. Lilimwingia, lakini hasira yake ilikuwa imekwisha kukaa kitako, haikutaka kusogea.

"Kwa hiyo wamekucheka wewe, unamtupa mama."

"Simtupi. Ninamtoa kwenye aibu. Ule wimbo katikati una Bikira Maria, Val. Bikira Maria wa wale wale walionunua babu zetu kama watumwa. Unaona sawa?"

"Mama aliona sawa."

"Mama hakuona chochote. Alikariri. Na sisi akatukaririsha. Ukimuuliza maana anakupiga na mwiko na kukwambia imba. Mwiko ule ule tulikula sote wawili, kwa hiyo usijifanye umerithi kitabu."

Valdelice aliufungua mlango kwa nguvu. Alitoka. Mlangoni Jandira alikuwa amesimama na beseni la bamia, amesahau kujifanya anapita.

*

Mjomba Lindolfo, mdogo wa mama yao, aliishi chini karibu na daraja la reli, chumba na baraza. Alikuwa amefanya kazi ya reli mpaka reli ikamchoka. Ngoma alianza kupiga kabla ya kunyoa ndevu, na katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kupandwa na nkisi bila viganja vyake kumwita. Valdelice alimkuta amekaa barazani, miguuni pake kuna fimbo mbili nyembamba za mpera, zimemenywa vizuri.

"Za nini hizo, Mjomba?"

"Tambua mwenyewe." Akazisukuma kwa kidole gumba cha mguu. "Mdogo wako kaniletea. Ngoma za Ketu zinapigwa kwa fimbo. Kasema nijizoeze, na kama siwezi, kuna vijana watakuja na Baba kutoka mjini."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini? Ndiye mama wa nyumba. Nilimpigia magoti, nikapokea fimbo." Aligeuza viganja vyake juu. Vilikuwa vigumu, na nyufa zake zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya reli ambayo hayakutoka tena. "Miaka yote hii mikono imefanya kazi. Leo naambiwa mikono ni ushamba."

"Usiende basi. Na mimi siendi. Waagane wao kwa wao."

Mzee alimtazama kama aliyesikia mtoto akitukana.

"Hilária ni dada yangu. Nitakwenda hata wakinipa kijiko nipige sufuria."

"Mjomba." Valdelice alivuta stuli. "Ule wimbo wa maji. Maana yake unaijua?"

Lindolfo alichukua fimbo moja akakuna nayo mguu.

"Najua mahali pa kupaza sauti," alisema. "Najua mahali pa kushuka. Najua ikifika mahali fulani watu wanalia, hata asiyekuwa na msiba. Mzee Juvêncio naye nilimuuliza. Akasema aliyemfundisha alikuwa anajua, lakini alikufa akikata miwa, hakupata muda wa kukaa na mtu."

"Kwa hiyo hakuna anayejua."

"Waliokuwa wanajua waliuawa na kazi. Sasa wewe unakasirika na nani?"

Na Valdelice, kweli, hakujua. Alishika njia akiwa na hasira na Edileuza, na mama mnene wa Salvador, na mtoto mwenye miwani aliyeuliza swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelimeza tangu utotoni. Alipofika kwake alimkasirikia hata mama. Ungepungukiwa nini, alimwambia marehemu mama huku akichochea maharage, kama ungekaa na sisi siku moja ukasema sijui? Tungejua angalau kwamba hujui.

*

Jumamosi mchana gari dogo jeupe lilipanda kilima. Baba Everaldo alishuka mwenyewe kumfungulia mlango mwanamke mzee aliyekuja naye, akawasalimu wapishi mmoja mmoja, akaomba maji. Valdelice alikuwa amejiandaa kumchukia. Mtu yule alikuwa mpole, mwenye kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono na viatu vilivyokwisha visigino. Ilimuudhi kwamba hakumpa sababu.

Watu walikaa kuzunguka ukumbi, wote kwa mavazi meupe. Katikati paliwekwa beseni la maji lenye kibuyu kilichofunikwa, na pembeni furushi la vitu vya marehemu: shanga zake, sahani yake, kanga yake ya kiunoni, viatu. Vikishaimbiwa, vingebebwa mpaka majini na mama angekuwa huru. Visipoimbiwa sawasawa vingebaki nyumbani, na yeye pamoja navyo. Hilo kila aliyekuwamo alilijua, na ndiyo sababu hakuna aliyekohoa.

Ngoma tatu walikaa nazo vijana wa Salvador, fimbo mkononi. Mjomba Lindolfo alipewa kiti ukutani, kama mgeni. Viganja alivilaza magotini.

Baba Everaldo alianza. Sauti yake ilikuwa nzito na safi, Kiyoruba chake kilitiririka, na watu wake waliitikia kwa pamoja. Wa nyumba ile waliitikia nyuma kidogo, wakiangalia midomo ya wageni. Edileuza alikuwa amekaa wima, simu imefichwa kwenye mikunjo ya sketi, akichungulia maneno. Valdelice alimwona, akamwona pia Jandira akimwona, na aibu ikampanda kana kwamba simu ile ni yake.

Kisha Baba alinyamaza, akamgeukia Edileuza. "Sasa tumwite. Jina lake la kichwani?"

"Omitola," Edileuza akasema.

Baba alichota maji kwa kibuyu, akayamwaga taratibu, akaita. Omitola. Wageni wakaitikia. Akaita mara ya pili. Wa nyumbani walitazamana. Wengine walikuwa wamekaa na mama yule nusu ya maisha yao, wamemwosha akiugua, na jina lile hawakuwahi kulisikia.

"Huyo simjui," Mjomba Lindolfo alisema.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu wa reli anayeambiwa jina la stesheni ambayo haipo.

"Mjomba, nyamaza," Edileuza alisema.

"Namnyamazia nani? Nimekuja kumuaga dada yangu Hilária, Monakaiá, aliyewekwa mikono na Juvêncio wa Angola. Huyo mnayemwita ni mtu mwingine. Asije akaja kweli."

Baba Everaldo alishusha kibuyu. Alimtazama mzee, kisha Edileuza, kwa muda mrefu.

"Mama Edileuza. Uliniambia nyumba hii ilitoka Ketu, ikapotea njia, na marehemu alifanywa Ketu."

Edileuza aliisukuma simu ndani zaidi ya sketi.

"Nani alimwekea mikono kichwani?"

"Angola," Valdelice akajibu kutoka upande wa wanawake. "Alizaliwa kwenye ibada kwa Kiangola, alikula kwa Kiangola, aliomba radhi kwa Kiangola. Hilo jina mdogo wangu kalitoa kwenye simu."

Ni kweli, na alilisema ili liume. Aliona lilivyouma. Shingo ya Edileuza ilivimba, macho yakabaki makavu.

Baba alisimama, akaanza kukunja kitambaa chake. Naye pia alikuwa amekasirika, ila yeye alizoea kukasirika polepole. "Walio hai nawadanganya kila siku, nawaambia mmependeza. Maiti simdanganyi. Ulitaka nimwite mtu asiyekuwepo, na huyu aliyekuwepo nimwache mlangoni. Umenifanya mwizi mbele ya watu wangu, Mama." Akawageukia vijana. "Toeni fimbo kwenye ngoma."

"Baba, tafadhali," Edileuza alisema.

"Sijakimbia. Nitakaa pale kwenye benchi la nje. Kukiwa na kitu cha kubeba nitabeba. Lakini mlango huu sina ufunguo wake."

Akatoka, na watu wake wakatoka naye, mwanamke mzee mwisho, akiwaomba radhi kwa kichwa kila aliyempita.

*

Ukumbi ulibaki na maji, furushi, na aibu. Edileuza hakuinuka. Mtu mmoja alianza kulia, akanyamazishwa. Mjomba Lindolfo alijikongoja mpaka kwenye ngoma kubwa, akaipangusa kwa mkono wa shati, akakaa.

"Val," alisema. "Anza."

"Mimi siyo mama wa nyumba."

"Anza."

Akaanza. Sauti yake haikuwa nzuri. Tumbaku ya miaka iliikwaruza. Lakini viganja vya mzee viliingia chini yake vikaibeba, na watu wakaitikia bila kuangalia midomo ya mtu. Aliita Monakaiá, akamwaga maji, akaingia kwenye wimbo wa maji. Palipotajwa Bikira Maria kwa Kireno alipaza sauti kwa makusudi, akimtazama mdogo wake. Kisha yakaja maneno ya katikati, yale marefu yanayojizungusha, na Valdelice akapotea.

Alirudi nyuma, akajaribu tena. Akapotea pale pale. Mama ndiye aliyekuwa akiyaimba siku zote, wao wakiitikia tu. Mara ya tatu aliunganisha mwanzo na mwisho akaruka pengo, na ngoma ikasimama.

"Hapana," Lindolfo alisema.

"Nakumbuka, ngoja."

"Hukumbuki."

Aliwaza furushi likibaki ndani ya nyumba, mama akizunguka humo humo kwa sababu mtoto wake mkubwa, mwenye mdomo mkubwa, hakuwa na maneno. Akafungua kinywa mara ya nne.

"Umekosea," Edileuza alisema kutoka kwenye kiti. "Kila siku unakosea hapo hapo. Hata akiwa hai ulikuwa unakosea."

Akasimama. Simu ilianguka sakafuni, hakuiokota. Aliimba yale maneno ya katikati yote, kwa sauti ya juu, uso umekunjwa kama anayemgombeza muuza samaki aliyempunja. Hakuyabembeleza. Aliyatupa moja moja mbele ya dada yake, kila moja zima, kila moja mahali pake, na Lindolfo akainamisha kichwa juu ya ngoma na kuyafuata. Palipofika mahali ambapo watu hulia, walilia. Edileuza mwenyewe aliimba mpaka mwisho machozi yakimwingia kinywani, na hasira haikumtoka usoni hata kidogo.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya daraja walipolibeba furushi mpaka mtoni. Baba Everaldo alishika pembe moja, kama alivyoahidi. Maji ya Paraguaçu yalilichukua mara moja, wala halikurudi ukingoni.

*

Baadaye dada wawili walibaki jikoni. Valdelice aliosha sufuria ya kisamvu, Edileuza akifuta.

"Uliyajua muda wote," Valdelice alisema.

"Usiku alipokuwa anaugua nilikuwa nalala naye. Aliyaimba, nikayashika."

"Na ukataka kuyatupa."

"Nilimuuliza maana yake akiwa anakufa, Val. Hapo mwiko hakuwa nao. Akasema, mwanangu, na mimi nilitaka kujua." Edileuza aliitazama sahani iliyokuwa imekwisha kukauka. "Siwezi kuongoza watu kwenye giza lile. Kwenye Kiyoruba najua ninaomba nini. Jumamosi ijayo tunaendelea."

"Ulimdanganya yule mtu. Ulimbadilisha mama jina."

"Ndiyo."

"Hilo sikusamehe."

"Sijakuomba. Na wewe ulinivua nguo mbele ya wageni."

"Ndiyo."

"Ukitaka kuja, njoo. Hutaki, usije."

"Sitakuja."

Walimaliza vyombo vyote, kwa sababu havikuweza kuachwa hivyo.

Jumamosi iliyofuata Valdelice alipanda kilima hata hivyo, kuchukua sufuria yake. Hakuingia. Alisimama nje ya ukuta na kumsikia Edileuza akifungua ibada kwa Kiyoruba, safari hii bila kusitasita, kwa sauti ile ile ya mama yao, nene chini na inayopanda bila kukatika. Ilikuwa nzuri. Hicho ndicho kilichomuudhi kupita yote. Alitaka iwe mbovu, na ilikuwa nzuri, na waliokuwa ndani waliitikia kwa furaha. Aliteremka bila sufuria.

Barazani kwa Mjomba Lindolfo walikuwa wakimngoja wazee wachache, Jandira aliyedai amepita tu, na wanawake wawili wa kiwandani. Mzee alikaa kwenye kreti ya bia, ngoma ya kuazima katikati ya magoti. Valdelice aliwafundisha wimbo wa maji mstari kwa mstari, na walipofika katikati wakajikwaa. Aliwasimamisha, akawaimbia yale maneno polepole, kama yalivyotupwa mbele yake Jumamosi ile, uso umekunjwa.

"Yana maana gani?" Jandira akauliza.

"Hatujui."

"Nani kakufundisha yote haya? Mama Hilária?" mmoja wa wanawake wa kiwandani akadakia.

"Mdogo wangu," Valdelice alisema. "Rudieni. Hapo mmekosea."